Mapipa Mawili Kutoka Mbau

Butembo, 9 Septemba

Naandika kwa sababu katika nyumba hii hakuna mtu ninayeweza kusema naye neno bila kugeuzwa mjumbe. Daftari ni la hesabu, la mirabaraba, nililoliweka kwa ajili ya darasa la tano. Walimu tumegoma, shule imefungwa, na darasa la tano halinihitaji.

Papa na Mama walifika siku nne zilizopita kwa kamioneti kutoka Mbau. Watu wa porini, wenye bunduki, walikuwa wameingia mashambani, na kijiji kikatoka asubuhi moja. Mama alishuka na furushi la nguo, Biblia na sufuria. Papa alishuka na mapipa mawili ya buluu, na ndani yake tilapia ishirini na wanne.

Si samaki wa kula. Ni wazazi. Miaka kumi na minne Papa, Siméon Kahongya, amefuga samaki katika madimbwi sita huko Mbau, na kila mavuno alichagua wale wakubwa kuliko wote akawarudisha majini wazae. Watu walitoka mpaka Oicha kuja kutafuta mbegu yake. Mbegu yenyewe ndiyo hii, ishirini na wanne, nayo sasa iko katika sebule yangu, chumba ninachokula, ninachosahihishia madaftari, na tangu wiki hii ninacholala, maana kitanda nimewapa wazazi.

Aliyeyachimba madimbwi hayo pamoja naye ni mdogo wake, baba mudogo Zorobabel. Yeye hakufika. Mama alinieleza jikoni, akichambua sombe, majani ya muhogo, bila kuinua macho.

"Dereva alisema: mapipa ao mutu. Papa yako akachagua mapipa. Zorobabel akabakia pale kando ya barabara. Balisema gari ingine itapita mangaribi. Haikupita."

Simu yake hailii. Tangu siku ile Mama hasemi na Papa. Anasema nami. "Jemima, uambie papa yako chakula iko tayari." Papa ameketi hatua mbili kutoka kwake. Namwambia. Papa anajibu: "Uambie mama yako, aksanti."

11 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Samaki 22.

12 Septemba

Nimempigia Zorobabel mara nane. Hailii.

14 Septemba

Samaki 21. "Huku kwenu ni baridi," Papa anasema, kana kwamba mji huu nimeupandisha mlimani mimi. Mbau ni joto. Hapa tilapia anaacha kula, anakaa chini ya pipa, halafu anaanza kulala ubavu. Papa anatumbukiza mkono katika pipa asubuhi, mchana na jioni, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kila siku anatoa nusu ya maji machafu na kutia mapya, na kwa kuwa maji mapya ni baridi, anayapasha kwanza kwenye mbabula, jiko letu la makaa.

"Uambie papa yako," Mama akasema, "makala ni ya kupikia batu."

Namkasirikia Papa. Nataka iandikwe mahali fulani. Mwaka niliofanya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, niliisahau kadi yangu nyumbani. Aliyetembea kwa miguu kutoka Mbau mpaka Beni kuniletea ni Zorobabel. Alinipa mlangoni, akanywa maji, akarudi.

17 Septemba

Karibu na shule yetu kuna restora ya muzee Mathe, iliyofungwa tangu wateja walipokoma. Nilipita pale leo, akaniita: "Mwalimu, uko na nafasi kwako?" Ukumbini kulikuwa na akwariamu, sanduku la kioo la mita mbili, lenye vumbi, bila meza, bila mashine, limejaa chupa tupu. Anaondoa kila kitu kabla nyumba haijabomolewa. Nilitaka kukataa. Nikasikia mdomo wangu ukisema: "Niko nayo."

Sikufanya kwa upendo. Nilifikiri: samaki wakipata mahali pao, labda nami nitapata sebule yangu.

Tulilileta kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, juu ya godoro, wanaume wanne wakilishika. Mlango haukutosha, tukautoa bawabani. Sasa liko sakafuni, kando ya ukuta wa jikoni, ule unaopata joto la mbabula. Mlango tumeurudisha lakini unafunguka nusu. Ninaingia nyumbani kwangu kwa ubavu.

Mama alilitazama kutoka jikoni. "Uambie papa yako ameleta jeneza."

20 Septemba

Papa alitaka kulijaza sanduku leo leo, palepale sakafuni. Nikakataa. Samaki wakubwa ishirini katika maji yasiyosafishwa watakufa humo kama wanavyokufa katika mapipa, watachelewa kidogo tu.

"Sasa unataka nini?" akauliza.

Nikamchorea katika daftari hili, ukurasa wa nyuma. Sanduku la kioo lipande juu ya meza. Chini ya meza kuwe na tangi la pili, dogo. Maji ya juu yakizidi yanaangukia katika bomba na kushuka. Chini yanapita katika mousse, ile sponji ya godoro, na kuacha uchafu. Kisha yanapita katika vipande vya matofali ya kuchoma, na katika matundu ya tofali wanaota wadudu wasioonekana ambao wanakula sumu ya mkojo wa samaki. Mwisho pompe inayarudisha juu, safi. Nilijifunza hayo kwa video za simu, usiku mbili nzima za megabaiti.

Papa aliushika ukurasa muda mrefu. "Dimbwi," akasema. "Njo vile dimbwi inafanyaka. Maji inaingia huku, inatokea kule."

"Ndiyo, Papa. Ni dimbwi lenye miguu."

Hakucheka. Samaki 19.

23 Septemba

Hesabu. Urefu sentimita mia mbili, upana sitini, maji kwenda juu hamsini na tano. Lita mia sita na sitini. Ukiongeza kioo na mawe, kilo mia nane na zaidi, yaani magunia manane ya maharagwe yaliyosimama juu ya meza moja, yasiyoshuka kamwe. Sakafu yangu ni simenti nyembamba juu ya udongo. Miguu minne itaitoboa kama msumari katika sabuni. Kwa hiyo miguu sita, na chini ya miguu mbao mbili ndefu za kugawa uzito.

24 Septemba

Mvua. Samaki 18. Hailii.

29 Septemba

Jirani yetu Lusenge ni seremala. Ametuachia karakana yake na mbao za mikaratusi zilizokauka miaka miwili. Papa anakata, mimi napima. Tunafanya kazi bila maneno. Tukirudi Mama anatenga chakula na kuondoka jikoni.

Watu wa Mbau waliofika hapa wanakuja kutusalimu. Wote wanatazama mapipa. Wote wanauliza: "Na Zorobabel?" Papa anatoka nje wanapouliza. Mimi ndiye ninayebaki kujibu, kila mara: bado.

3 Oktoba

Meza imesimama. Nzuri machoni. Lusenge aliisukuma kwa kiganja kwenye kona, nayo ikaenda upande na kurudi, kama ng'ombe anayesinzia.

"Tutie misumari zaidi," Papa akasema.

Nikaokota vipande vinne vya fito, nikavipigilia pembeni msumari mmoja mmoja, nikapata mraba. Nikausukuma kwa kidole. Ukalala. Nikapigilia kipande cha tano kutoka kona hadi kona. Nikamwambia asukume yeye. Alisukuma kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka. Haukulala.

"Pembe nne inalala, Papa. Pembe tatu hailali."

"Njo vile unafundishaka batoto?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Mimi nilikuacha usome juu mama yako alinilazimisha," akasema. "Miye nilitaka ubakie kwa madimbwi." Akachukua msumeno akaanza kukata mbao za mshazari.

4 Oktoba

Samaki 17.

9 Oktoba

Tumeiweka meza sebuleni. Sakafu inashuka sentimita mbili kuelekea mlangoni. Tulitumia mpira mwembamba wenye maji, kama waashi, Papa ncha moja, mimi nyingine, tukisoma mstari wa maji ukutani na kutia vibao vyembamba chini ya mbao. Nivo ikakaa, meza ikawa sawa. Juu ya meza tukatandika kipande cha mousse, maana chembe moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukipasua.

Wanaume sita kulipandisha sanduku. Lilipokaa, nilitembea kuanzia godoro langu mpaka mlangoni: hatua tatu, halafu ubavu. Dirisha limezibwa nusu na kioo. Mwanga unaoingia unapita kwanza katika sanduku tupu.

Nilikuwa nimepanga kwenda Kisangani mwezi huu kuomba nafasi ya masomo. Nimeandika hilo ili nisiseme kwamba sikuwa na mpango.

13 Oktoba

Tangi la chini tumelitengeneza kwa pipa la tatu, tulilopewa na Lusenge, lililokatwa kwa urefu. Vizuizi viwili vya plastiki ndani, vimegundishwa kwa silikoni. Kushoto mousse, katikati tofali, kulia pompe. Linabeba lita mia moja, lakini nimechora mstari mwekundu kwenye lita arobaini. Nilimweleza Papa: umeme ukikatika, pompe inasimama, lakini maji ya juu yataendelea kushuka mpaka yafike mdomo wa bomba. Kila sentimita moja ya sanduku ni lita kumi na mbili. Nafasi tuliyobakiza ni sentimita tano, basi.

"Sentimita tano," akarudia.

Samaki 15. Huyu wa leo ni jike aliyekuwa na mayai mdomoni, ndimo tilapia anamoyatunza. Papa alimzika nyuma ya choo. Sikumwona akimzika mwingine.

19 Oktoba

Maji yamezunguka! Sauti yake ni kama mtu anayemimina chai bila kukoma. Hakuna tone lililovuja. Papa aliketi mbele yake mpaka Mama akanituma mara tatu kumwambia chakula kimepoa.

22 Oktoba

Samaki 13 wamehamishwa. Katika kioo wanaonekana wakubwa kuliko katika mapipa. Mmoja ana kovu mgongoni. Sikuwahi kuwaona hivi, kwa ubavu, na macho.

26 Oktoba, Jumapili

Tulienda kanisani wote watatu, Mama mbele, Papa nyuma, mimi katikati. Tuliporudi, maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango.

Nilielewa kabla ya kufungua. Umeme ulikuwa umekatika. Ndani, maji yalifunika vidole vya miguu. Godoro langu lilikuwa limelowa upande mmoja. Furushi la Mama, nguo zote alizotoka nazo Mbau, lilikuwa chini karibu na meza, limekunywa maji. Sanduku la kioo lilikuwa limeshuka zaidi ya sentimita ishirini. Samaki walikuwa wamebanana chini, hai.

Nilitafuta kosa na kuliona mara moja. Bomba la kurudisha maji, ambalo mimi nililikata liishie chini kidogo ya uso wa maji, lilikuwa refu. Papa alikuwa ameliongezea kipande, likashuka ndani sana.

"Papa, nani aliongeza hii?"

"Miye. Nilitaka maji itembee chini, kama mutoni. Zinapenda."

"Pompe ikisimama, bomba hili linanyonya maji kwa kurudi nyuma. Linanyonya mpaka mdomo wake ubaki hewani. Nilikuambia sentimita tano!"

Hapo ndipo Mama alipoinua furushi lake. Maji yalitiririka kutoka ndani yake. Alisema kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, maana kwa wiki saba haikuelekezwa kwa mtu huyo.

"Siméon!"

Papa akageuka kama aliyepigwa.

"Siméon, ulibeba samaki, ukaacha nyumba yangu. Nikanyamaza. Ukaacha mutoto wa mama yako kwa barabara. Nikanyamaza. Sasa samaki zako zimekunywa na nguo. Unataka nini tena? Unataka nilale ndani ya kioo yako?"

"Hulda..."

"Na usiniambie tena ni dereva! Dereva ni mutu wa bure. Dereva alisema chagua, na weye ulichagua!"

Papa aliweka mkono juu ya kona ya meza. Maji yalikuwa bado yanapita miguuni petu kwenda nje. Akasema polepole, akiitazama meza.

"Dereva hakusema kitu."

Mama akalishika furushi kifuani.

"Dereva alitaka kushusha mapipa. Alisema batu kwanza. Zorobabel alikuwa ameshapanda. Alikuwa ameketi, weye ulikuwa ungali ndani ya nyumba unafunga furushi. Ni miye nilimuambia shuka. Nilimuambia: weye ungali na nguvu, weye hauko na bibi wala batoto, utapata gari ya mangaribi. Akaniangalia. Hakusema hapana. Akashuka."

"Uliniambia ni dereva," Mama akasema.

"Nilikuambia ni dereva."

Nilisimama kati yao na ndoo mkononi. Nilingoja mmoja wao anitume. Hakuna aliyenituma.

Baadaye sana, tulipokuwa tunasukuma maji nje kwa fagio, Papa aliniambia, bila mimi kumwuliza: "Zikikufa zote, basi nilimushusha juu ya bure. Unaelewa? Kila moja inakufa, ninamushusha tena."

Nilimkasirikia wiki saba kwa sababu ya samaki. Leo sijui hasira yangu niiweke wapi. Alilofanya ni baya kuliko nilivyodhani. Na yeye ndiye aliyelisema.

27 Oktoba

Mama hatumi tena ujumbe. Anaweka sahani mbele ya Papa, anaondoka. Nyumba imekuwa kimya hata nasikia pompe nikiwa nje barabarani.

30 Oktoba

Nimekata bomba, nikalirudisha urefu wake wa kwanza. Juu yake, chini kidogo tu ya uso wa maji, nimetoboa tundu dogo kama punje ya mtama. Maji yakianza kurudi nyuma, tundu linabaki hewani, linavuta hewa, na kunyonya kunakoma. Nilizima pompe mara kumi mbele ya Papa. Mara kumi maji yalishuka na kusimama mahali pake.

"Tundu kadogo vile," akasema.

Nilimwachia atoboe la pili mwenyewe, la akiba, kama uchafu ukiziba la kwanza. Alitoboa, akapuliza vumbi.

2 Novemba

Mvua. 13.

5 Novemba

13. Hailii.

9 Novemba

Kumi na watatu. Wiki mbili na zaidi bila kifo. Wanakula. Maji ni meupe kiasi kwamba unaona ukuta wa nyuma. Wageni wanasifu. Lusenge ameleta mkewe kuja kuona. Papa anawashukuru kama mtu anayepokea pole.

18 Novemba

Simu, saa nne asubuhi, namba nisiyoijua.

"Mwalimu Jemima? Miye ni Pasta Gamaliel, kanisa yetu iko hapa Beni. Kuko mutu kwetu. Alitupatia namba yako juu njo moja tu anakumbuka kwa kichwa."

Yuko hai. Zorobabel yuko hai.

Nilipiga kelele. Mama alitoka jikoni na mwiko, akaanguka magotini palepale mlangoni, akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisa. Papa alikuwa anasafisha kioo na kitambaa. Aliendelea kusafisha. Alisafisha mahali pamoja mpaka nikamshika mkono.

"Anasema nini?" akauliza.

"Bado sijasema naye, Papa."

"Muulize..." akasema, halafu hakumaliza.

Beni, 27 Novemba

Siku tisa za kungoja barabara ifunguliwe. Leo magari yaliondoka kwa msafara, nikapata nafasi nyuma ya dereva. Nilitazama mikono yangu njia nzima.

Zorobabel anaishi katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Amekonda. Mguu wa kushoto umefungwa. Alikuwa amengoja kando ya barabara mpaka jua likaanza kushuka, akasikia risasi, akaingia katika mashamba ya kakao. Huko alikanyaga kisiki kilichokatwa kwa panga. Mama mmoja wa upande wa Oicha alimficha na kumuuguza mwezi mzima kabla hajaweza kutembea. Alinieleza yote haya kama anavyoeleza mtu bei ya chumvi.

Nilimwambia: "Baba mudogo, Papa alitueleza. Kwamba ni yeye aliyesema ushuke."

Aliinua kichwa. "Alisema vile kwa mama yako?"

"Mbele yangu."

"Bon," akasema. Akajipapasa goti. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Samaki, zimebaki ngapi?"

"Kumi na watatu."

"Ziko fasi gani?"

Nikamweleza: sanduku, meza, mbao za mshazari, tangi la chini, tofali, tundu. Alisikiliza kama fundi, akiniuliza vipimo. Nilipomaliza alisema:

"Nitakuja. Hapa kanisa iko na dimbwi nyuma ya shamba yao, na huku ni joto. Nitachukua zangu. Nusu ni zangu. Kiti yangu njo ililipa njia yazo."

"Na Papa?"

"Papa yako ni kaka yangu. Sikusema kitu juu yake. Nilisema samaki."

Butembo, 2 Desemba

Nimerudi. Nilimpa Papa maneno yote, hata yale ya kiti. Aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mwanafunzi anayesahihishwa.

Mgomo umekwisha. Tarehe 10 tunaanza darasani.

6 Desemba

Papa ameosha mapipa mara mbili leo. Amefua shati. Amekaa kwenye kiti kinachotazama mlango unaofunguka nusu.

9 Desemba

Zorobabel alifika saa tano, na mkongojo, na Pasta Gamaliel, na kamioneti iliyongoja nje. Mlangoni ilimbidi aingie kwa ubavu, akitanguliza mguu mbaya. Mama alimshika uso kwa mikono miwili akalia. Papa alisimama. Alisema: "Mudogo wangu." Zorobabel alisema: "Kaka." Wakapeana mkono kama watu wa kamati.

Zorobabel hakuketi. Aliinama mbele ya meza, kwa shida, akashika mbao za mshazari, akachungulia tangi la chini, akatia kidole katika maji ya tofali. Akaangalia samaki muda mrefu. Alimtambua mwenye kovu. "Huyu bado?" akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo.

Papa alikuwa ameshajaza mapipa yote mawili maji ya vuguvugu. Alichukua wavu.

"Beba yote," akasema. "Yote kumi na tatu. Beni ni joto, dimbwi ni kubwa. Hapa kuko nini? Beba, Zorobabel. Ni zako."

Niliona alivyotaka. Aliutia wavu majini kabla hajajibiwa, samaki wakakimbilia kona.

"Hapana," Zorobabel akasema.

"Ninakuomba."

"Hapana, kaka. Unataka nibebe yote ili sebule ibakie safi. Mimi nachukua saba. Weye ubakie na sita. Uzilishe. Uzione kila siku."

Papa aliteremsha wavu. Nilidhani ataketi chini. Halafu akauinua tena, akaanza kukamata, mmoja mmoja, kwa upole wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Zorobabel alishika pipa. Kila samaki alipoingia, Papa alisema namba na Zorobabel akaitikia. Wa saba alikuwa mwenye kovu. Papa ndiye aliyemchagua.

Walipofunga pipa, Mama alitoka chumbani na furushi.

"Nitaenda na yeye," akasema. Alimwambia Papa mwenyewe, machoni. "Ule mguu unataka mutu wa kuuosha. Nitarudia wakati utapona. Siméon, umesikia?"

"Nimesikia, Hulda."

"Kuko unga kwa ndoo. Jemima ataanza kazi, basi utapika weye."

Kamioneti iliondoka katika manyunyu. Zorobabel aliketi ndani, kando ya dereva. Mama alikuwa nyuma na pipa, akilishikilia kwa mkono wake mmoja.

11 Desemba

Tumebaki wawili na samaki sita. Papa amepika. Ugali ulikuwa na madonge, tukaula. Sikusema kuhusu Kisangani. Nani atakaa naye?

15 Desemba

Leo, niliporudi kutoka shuleni, Papa aliniomba karatasi. Nikamchania moja katika daftari hili. Alijiweka mezani, yaani kwenye kile kipande cha meza ya chakula kilichobaki kati ya kioo na ukuta, akaandika kwa herufi kubwa, akisema kila neno kwa midomo. Pasta Gamaliel yuko tena mjini, kesho anarudi Beni, ataipeleka. Alinipa nisome kama imekaa vizuri.

"Mudogo wangu, nimeziona leo. Ziko sita. Zinakula. Maji ni muzuri. Usalimie Hulda."

"Imekaa vizuri, Papa," nikamwambia. Nikaikunja.

Akanishika mkono. "Ngoja. Uniongezee karatasi ingine."

"Kuna nafasi hapa chini."

"Hapana, ile ya chini haitatosha." Alitazama majini. "Sikuandika kama ni miye nilimushusha."

"Baba mudogo anajua, Papa. Alikuwepo."

"Anajua," akasema. "Lakini haijatoka kwangu kufika kwake."

Nikachana ukurasa mwingine, nikamwekea mbele. Akalamba ncha ya kalamu, akaandika tarehe, halafu jina lote la mdogo wake.